Barua za chuo zinarudi kila wiki, bosi anataka tuhamie kwenye mabasi. Tunakosea wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Mi nafanya kazi chuo kimoja hapa Dar, mwezi wa tatu nilitolewa mapokezi nikapelekwa masjala na nikapewa upande wa barua zinazotoka. Kwa wiki tunatoa kama barua 300 mpaka 400, za udahili, za wizarani, za wafadhili, na transkripti za wahitimu wanaoomba vyuo vya nje. Shida zinarudi, chini ya meza yangu kuna boksi limejaa zilizorudi. Mara mbili posta wamemrudishia dereva wetu bando zima wakasema tarehe haiko sawa na zimechanganywa. Halafu kuna mhitimu amepiga simu analia, transkripti yake imefika nje imekunjwa na bahasha imefunguka. Bosi anasema posta ni wazembe, tuachane nao, tutumie mabasi na bodaboda. Sikusomea masjala, sijui nianzie wapi."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kuna watu wanakaa masjala miaka hawajawahi kuuliza hilo boksi la chini ya meza linajaa kwa nini, we miezi michache tu umeshauliza, kwa hiyo usijione hujui kazi. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona umeyaweka mambo manne kwenye kapu moja: zinazorudi, bando linalokataliwa, transkripti iliyoharibika, na hilo wazo la bosi la kuhama. Kila moja lina sababu yake, na karibu zote ziko ofisini kwenu kabla gari haijatoka getini. Hilo nalisema sio kwa kuwatetea posta, wana mapungufu yao kama ofisi yoyote, ila ukihamia kwenye basi na anwani ileile mbovu barua itapotea kwa haraka zaidi na safari hii haitarudi ukajua.

Tuanze na barua inavyosomwa, manake watu wengi hawajawahi kuona. Ukishaipeleka Posta inafika kwa mpangaji, mtu amesimama mbele ya vishubaka, mkono mmoja umeshika fungu la barua na mwingine unarusha. Hasomi jina. Anaanza na mstari wa chini kabisa, mji, basi, Mwanza inaenda Mwanza, Mbeya inaenda Mbeya. Kule Mwanza ndo mtu mwingine atasoma namba ya sanduku. Jina linakuja kusomwa na mwenye barua mwenyewe. Kwa hiyo bahasha inasomwa kutoka chini kwenda juu, wakati sisi ofisini tunaiandika kutoka juu kwenda chini, tunahangaika na Profesa, Dokta, Mheshimiwa, cheo kisikosewe, tukifika kwenye mji tumechoka tunaandika "S.L.P. 412" tunaacha hapo kwa sababu sisi wenyewe tunajua ni wapi. S.L.P. 412 iko Dar, iko Moshi, iko Tabora, iko karibu kila mji wenye posta ya maana. Namba bila mji haina mwenyewe. Na kumbuka nchini kwetu barua nyingi haziendi mlangoni kwa mtu, zinaenda sandukuni, kwa hiyo hata ukiandika mtaa na rangi ya geti haitasaidia kama hakuna S.L.P. au mpango wa kupelekewa mlangoni.

Sasa lile boksi. Naomba kesho ulitoe chini ya meza, umwage zote mezani, na usitupe hata moja kabla hujaziangalia. Bahasha iliyorudi ina kikaratasi kimebandikwa au muhuri umegongwa wenye vijisanduku, kimojawapo kimewekewa vema kwa peni. Kwenye taratibu za Umoja wa Posta Duniani kikaratasi hicho kinaitwa CN 15, na kwa barua za ndani utakuta muhuri wa aina hiyohiyo, au wakati mwingine ni mkono tu wa karani ameandika sababu juu juu kwa peni. Hajulikani, amehama, haikuchukuliwa, imekataliwa, anwani haitoshi. Yani ni majibu ya daktari hayo, na watu wanayaweka chini ya meza bila kuyasoma. Gawanya mafungu kwa sababu. Fungu lipi ni kubwa ndo litakwambia ugonjwa wenu.

Fungu la "hajulikani" likiwa kubwa, angalia orodha yenu kwenye kompyuta kabla hujamwangalia mtu yeyote. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, jina tuliache, tulituma barua za mwaliko zaidi ya 200. Mwenzetu alitaka majina yakae kwa alfabeti, akachagua kolamu ya majina peke yake akaipanga, kolamu ya S.L.P. na ya mji akaziacha zilivyo. Majina yakahama, masanduku yakabaki palepale. Kila bahasha ilikuwa safi, jina la kweli, sanduku la kweli, mji wa kweli, ila sanduku la mtu mwingine. Zilianza kurudi wiki ya tatu, mi ndo nilikuwa nazipokea, nikaona ya mzee mmoja nayemjua kabisa anaishi Tanga imeandikwa Songea, nikahisi tumbo limekatika. Tangu siku hiyo sitoi kundi la barua za kompyuta bila kuchukua 10 kutoka katikati ya fungu, sio za juu, za katikati na za mwisho, nikazilinganisha na faili moja moja. Inachukua dakika 15. Tafadhali ifanye iwe sheria yako.

Fungu la "haikuchukuliwa" ni tofauti kabisa, hapo anwani ni sahihi ila hakuna mtu aliyekwenda kufungua sanduku. Kwa chuo nategemea hili litakuwa nene. Mwombaji wa udahili hana sanduku lake, anaandika la shule aliyosoma, la parokia, la msikiti, la ofisi ya mjomba, c/o fulani, yani kupitia kwa fulani. Kaondoka shuleni, mjomba kastaafu, mwalimu anaweka barua kwenye droo akingoja mtu apite. Na sanduku linalipiwa kila mwaka, lisipolipiwa linafungwa, barua zinaanza kurudi. Dawa yake sio kubadilisha posta. Dawa ni meseji. Siku bando linatoka mtumie mhusika ujumbe mfupi, "Barua yako Kumb. Na. fulani imetumwa leo kwa S.L.P. fulani Iringa, tafadhali ifuatilie." Mtu akijua kuna barua anakwenda kuigonga droo ya mwalimu. Na asipoitambua hiyo S.L.P. atakwambia hapohapo kabla hujapoteza stempu ya pili. Nimeona ofisi ikipunguza barua zinazorudi kwa hicho kitu kimoja tu, hawakubadilisha kingine chochote.

"Amehama" kwa ofisi za Dar mara nyingi ni wizara. Serikali imehamia Dodoma, safari ilianza 2016 na wizara zimejengewa Mji wa Serikali kule Mtumba, lakini orodha za anwani za vyuo na makampuni mengi bado zina masanduku ya zamani ya Dar, tena mengine yameprintiwa kwenye lebo zilizotengenezwa enzi hizo, zinamaliziwa taratibu kwa sababu zimeshanunuliwa. Barua inazunguka Dar, inasafirishwa, inafika Dodoma imechelewa au inarudi. Kaa siku moja na orodha ya wizara, taasisi na halmashauri zote mnazoziandikia, chukua barua ya mwisho waliyowaandikia nyie, angalia kichwa cha barua yao, nakili anwani iliyopo pale. Usichukue kwenye kichwa cha mtu wala kwenye faili la mwaka juzi. Kichwa cha barua yao ya karibuni ndo ushahidi.

Na "anwani haitoshi" hiyo ni yetu wenyewe, mtu kaandika "Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam" akaishia hapo. Siku hizi tuna postikodi za tarakimu 5 na ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliyoweka namba kwenye nyumba na majina kwenye barabara, zitumie. Postikodi ya Dar inaanza na 1, Dodoma inaanza na 4, kwa hiyo ukiona orodha yako ina mtu wa Dodoma mwenye postikodi inayoanza na 1 ujue kuna kolamu imehama. Ni kipimo kizuri sana cha haraka.

Bahasha nzuri ya ndani ya nchi mi naiandika hivi: cheo au jina, chini yake taasisi, chini yake S.L.P. na namba, mstari wa mwisho postikodi na mji kwa herufi kubwa, hakuna kingine chini ya hapo. Sio simu, sio "Tafadhali fikisha haraka". Kumb. Na. yako iandike kushoto juu pamoja na anwani yenu ya kurudishia, manake ikirudi bila kumbukumbu utalazimika kuifungua kujua ni ya faili gani. Ya nje ya nchi mstari wa mwisho ni jina la nchi peke yake, herufi kubwa, kwa jina linalosomeka dunia nzima, yani GERMANY na sio Ujerumani, kwa sababu mpangaji wa Dar atakuelewa lakini mfuko ukipitia nchi nyingine wa kule hatakuelewa.

Haya, bando lililokataliwa. Umesema tarehe haiko sawa, kwa hiyo najua mnatumia mashine ya kupiga stempu. Watu wanadhani tarehe pale ni pambo. Ile alama ndo stempu yenyewe, ni pesa, na tarehe yake inasema siku posta waliyoipokea barua ile. Nyie mnapiga saa 10 jioni, dereva ameshaondoka, bando linalala, kesho yake linafika posta lina tarehe ya jana, na likiwa la Ijumaa linafika Jumatatu na tarehe ya siku tatu nyuma. Mwenye barua akija kulalamika imechelewa, posta ndo atakayeonekana kaikalia. Ndo maana wanakataa, na mi nadhani wana haki. Weka saa ya mwisho ya kupokea barua kutoka idarani, mfano saa 8 mchana kama gari linaondoka saa 9, bandika karatasi mlangoni, na kinacholetwa baada ya hapo unakipokea kwa dispachi, lile daftari la kusainia barua, lakini hukigongi stempu mpaka kesho. Utalaumiwa wiki mbili za kwanza, hasa na wale wa ofisi kubwa waliozoea kuleta barua dereva akiwa ameshawasha gari. Vumilia. Kitu cha kwanza asubuhi, kabla ya chai, badilisha tarehe ya mashine, gonga bahasha moja mbovu ya majaribio, uisome kwa macho. Wino ukififia tarehe haisomeki na hilo nalo ni sababu ya kukataliwa.

Kuchanganywa ni kwamba mmepeleka kila kitu kwenye fungu moja, za Dar, za mikoani, za nje, rejista (zile zilizosajiliwa kwa namba) humohumo, bahasha nene na nyembamba. Pale kaunta karani lazima akufanyie kazi ambayo ingefanyika mezani kwako umekaa. Tenga Dar, tenga mikoa, tenga nje, na rejista zisikae na mtu yeyote, zina daftari lake. Kila fungu nyuso zitazame upande mmoja na stempu kona moja, funga raba mara mbili kwa kuvuka sio kwa kuviringisha. Toa klipu zote, klipu inachana bahasha ya jirani na inakwama kwenye mashine, stepla ndogo haina neno sana.

Uzito nao naona hamjauongelea ila nina wasiwasi nao. Hapa ntakupa hesabu ambayo mi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja wa masjala na imenisaidia maisha yangu yote. Karatasi ya A4 ya gramu 80, ile ya kawaida kwenye rimu, hizo gramu 80 ni uzito wa mita mraba moja. A4 zinaingia 16 kwenye mita mraba. 80 gawa kwa 16 ni 5. Kila karatasi ina gramu 5. Barua ya karatasi 3 ni gramu 15, bahasha ndogo ndefu kama gramu 5 hivi, tayari uko kwenye gramu 20, na kama ngazi ya kwanza ya bei inaishia 20, karatasi ya nne imekupandisha ngazi hata kama barua inaonekana nyembamba mkononi. Kwa hiyo ukiijua idadi ya karatasi unaujua uzito kabla hujagusa mizani. Mizani bado inatakiwa lakini, na iwe ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, na ukiona inaanza na 2 wakati haina kitu juu yake, iweke sifuri kwanza. Chati ya bei ichukue mpya posta, ibandike ukutani, kwa sababu stempu ikipungua barua inazuiwa au mpokeaji anadaiwa, na mfadhili akidaiwa stempu ya barua yenu ya kumshukuru ni aibu kubwa kwa chuo.

Kuhusu gundi. Dar unyevu wake unajulikana. Bahasha zikikaa sakafuni stoo kipindi cha masika, gundi inavuta maji, nyingine zinajifunga zenyewe kabla ya kutumika, nyingine gundi inakufa, unailamba au unaipitishia sponji inaonekana imeshika, kesho yake imefunguka. Mi nawaza kabisa hiyo ya mhitimu wako ilifungukia hapa, haikufungukia njiani. Weka bahasha kwenye kabati, kwenye mfuko wao wa nailoni, juu ya mbao. Na kabla ya kutoa bando jaribu chache, pinda ncha ya kifuniko kwa kucha, ikiinuka kwa urahisi hiyo haijafungwa. Lebo za anwani nazo mprinti kwa printa ya leza ya poda, sio ya wino wa maji, tone moja la mvua mfuko ukipakuliwa linageuza "Mtwara" kuwa doa la bluu. Nimeshika bahasha ya namna hiyo mkononi, jina lote limeyeyuka imebaki herufi M.

Transkripti ndo kitu nataka uipe moyo wako wote kwa sababu nyuma ya ile bahasha kuna mtu nafasi yake ina tarehe ya mwisho. Vyuo vingi vya nje na taasisi zinazotathmini vyeti kule Marekani na Canada, zikiomba nakala ya karatasi zinataka itoke chuoni moja kwa moja ikiwa imefungwa, saini ya msajili imepita juu ya mstari wa kifuniko na muhuri juu yake, nusu kwenye kifuniko nusu kwenye bahasha. Ikifika imefunguka hata kwa gundi tu, kwao ni kama imechezewa, wanaweza kuikataa. Kwa hiyo usiitume bahasha hiyo yenyewe. Tumia mbili. Ya ndani ndo yenye saini na muhuri. Ya nje ni ya kusafiria, kubwa kidogo, yenye anwani na stempu, na katikati kadibodi ngumu ya saizi ya A4. Ya nje ikichanika ya ndani bado nzima. Watu wa masjala ya siri wanaijua sana hii, barua ya siri inakaa kwenye bahasha ya ndani iliyoandikwa SIRI, na ya nje haina neno hilo, kwa sababu ukiandika SIRI nje umemwambia kila mtu njiani aitamani. Muhuri wa "USIKUNJE" gonga kama unapenda ila usiutegemee, anayeingiza kwenye kisanduku chembamba atakunja tu kinachokunjika. Kadibodi haikunjiki.

Na kwa transkripti usitume kawaida, tuma rejista au EMS, ile huduma ya haraka ya posta. Utapewa namba yenye herufi na tarakimu jumla 13, herufi mbili mbele, ya kwanza ni R kwa rejista au E kwa EMS, halafu tarakimu 9, halafu TZ. Ile tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki, inatokana na hesabu ya zile 8 za mbele, ndo maana ukikosea tarakimu moja wakati wa kufuatilia mfumo unakwambia namba sio sahihi badala ya kukuonyesha barua ya mtu mwingine. Ibandike risiti kwenye daftari siku hiyohiyo, mtumie mhitimu namba yake ajifuatilie, simu za kulia zitapungua zenyewe. Rejista ya nje ikipotea unaruhusiwa kuulizia ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata ile uliyoiposti, baada ya hapo mlango umefungwa, kwa hiyo usikae na malalamiko ya mtu mezani mpaka yaote ukungu. Kabla ya yote hayo lakini muulize mhitimu kama chuo anachoomba kinapokea transkripti kwa njia ya mtandao kutoka kwa msajili, vingi siku hizi vinapokea, na hapo karatasi haina haja ya kusafiri kabisa.

Sasa bosi na mabasi. Nitakuwa mkweli, sio wazo baya lote. Basi la asubuhi likitoka pale stendi ya Mbezi, jioni barua iko Dodoma, na mwenye haraka anapokea kwa simu. Kwa barua moja ya dharura, zabuni inafungwa kesho, mi mwenyewe ningefikiria hivyo. Ila kusafirisha barua na vifurushi kwa malipo ni kazi ya leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hiyo kampuni mtakayompa barua za chuo iwe na leseni hiyo na itoe risiti yenye namba, sio kondakta anaweka kwenye dashibodi na kukwambia "nipigie ukifika". Kondakta akishuka Morogoro barua ya chuo iko kwa nani? Na mpokeaji lazima aende stendi, wizara haitamtuma mtu stendi kwa barua ya kawaida. Ukizidisha kwa barua 400 kwa wiki gharama inawakimbia. Bodaboda ndani ya Dar ni nzuri kama anakwenda na daftari la dispachi na analeta saini, jina, cheo, muhuri na saa ya kupokea. Bodaboda asiye na daftari ni sawa na kuitupa. Na awe na begi lisilopitisha maji.

Kama ningekuwa mimi ningegawa hivi: taasisi za Dar kwa mkono na dispachi, kwa njia moja iliyopangwa, Jumanne na Alhamisi, dereva azunguke maeneo ya Posta, Upanga na Ubungo kwa mpigo badala ya safari kumi; barua za kawaida za mikoani kwa posta; zenye thamani kwa rejista au EMS; kampuni ya vifurushi yenye leseni kwa dharura tu na kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa idara. Kama taasisi yenu iko kwenye mfumo wa e-Office wa serikali, barua za taasisi kwa taasisi zinazoweza kupita humo zipitie humo, hapo utajikuta bando limepungua bila kumgombeza mtu.

Kitu kimoja hujaniuliza ila nitakisema. Bahasha za dirisha. Chukua moja iliyokwisha fungwa, igonge mezani kwa upande wa kushoto, halafu kulia, halafu chini, kisha angalia dirishani. Karatasi ikiteleza kuna siku itaonyesha namba ya NIDA, au "umeshindwa somo", au deni la ada la mtoto wa watu, na bahasha inapita mikononi mwa mlinzi, dereva na karani wa shule. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na chuo kinaweza kuwajibika. Ila hata isingekuwepo sheria, ni mtoto wa mtu. Ikunje karatasi upya au tumia bahasha isiyo na dirisha kwa barua za namna hiyo.

Yapo ambayo mi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Mashine ikisoma salio tofauti na kumbukumbu zako, usiifungue, muite fundi wa kampuni iliyowauzia na uwaambie posta, kwa sababu ile ni pesa. Ukiona barua zenye vitu vya thamani zinafika zimefunguliwa kwa njia ileile zaidi ya mara moja, hiyo sio ya kujadili na dereva, andika ripoti kwa mkuu wako, ipelekeni posta kwa barua na ikibidi polisi. Na kubwa kuliko yote nenda mwenyewe posta mnayopeleka bando, mwombe meneja akupe nusu saa ukae na wapangaji, nenda asubuhi, beba bahasha zako 10 zilizorudi na moja ya kila aina mnayotumia. Waulize zipi zinawasumbua. Mi nilipofanya hivyo mara ya kwanza karani alichukua bahasha yetu ya fahari, yenye nembo kubwa ya rangi imekaa kulia juu, akaniuliza, "Hii stempu mnataka tuigonge wapi?" Sikuwa na jibu, tulikuwa tumeprinti 5,000.

Ukimwendea bosi usimwambie amekosea. Mpelekee yale mafungu ya boksi yamefungwa raba, juu ya kila fungu karatasi yenye sababu na idadi, muombe mwezi mmoja kabla ya kuhamia kwenye mabasi. Ukishayahesabu niandikie tena, nitajie fungu lipi limekuwa nene, na kama ni la "haikuchukuliwa" nitakutumia maneno ya meseji tuliyokuwa tukitumia sisi.